Kuonyesha opera laivu kwenye skrini kubwa hapa Dar bila kuaibika: mwongozo kamili

Maswali yamekuwa yaleyale. Mtu ana ukumbi mdogo wa sanaa Mwananyamala, Temeke au Kigamboni, anataka kuonyesha opera, ule mchezo wa jukwaani unaoimbwa, moja kwa moja kutoka New York au Milan, anatangaza wiki mbili, watu wanakuja, halafu kiduara kinazunguka kwenye skrini mpaka wanaanza kudai hela zao. Au picha iko safi kabisa ila hakuna anayeelewa kinachoimbwa, na ikifika mapumziko nusu ya viti ni vitupu. Nimejibu vipande vipande vya kutosha, leo naandika yote sehemu moja.

Jambo moja nalitanguliza lisije likapotelea kwenye nyaya. Wengi wanamaliza hela kwenye picha, wakati kinachofukuza watu ni sauti mbovu na kukosa Kiswahili. Picha ikififia kidogo watu wanavumilia, si tumekulia kwenye vibanda umiza sisi. Kwa hiyo ukipanga bajeti anza na sauti, kisha tafsiri, projekta ije nyuma.

## Vitu vya kuwa navyo kabla ya yote

- Projekta ya lumeni (kipimo cha mwanga) 3,000 hadi 4,000 za ANSI, yaani zilizopimwa kwa kiwango rasmi. Zile ndogo zinazoandikwa lumeni elfu kumi na kitu kwenye boksi ni maneno ya boksi tu.
- Skrini ya upana wa mita 3. Ukikosa, turubai jeupe la kuchapia mabango lililovutwa vizuri linatosha, shuka linapeperuka.
- Laptopu mbili: moja ya matangazo, nyingine ya Kiswahili.
- Tivi ya inchi 43 au zaidi, au projekta ndogo ya pili, kwa ajili ya maandishi ya Kiswahili.
- Spika mbili nzuri na miksa. Sabufa hapana, sababu nitaisema.
- Waya wa HDMI usiozidi mita 10, waya wa mtandao wa kutoka kwenye rauta, na nyaya za sauti, kila kimoja na spea yake.
- Laini za mitandao miwili tofauti zenye bando.
- UPS (betri ya kushikilia vifaa umeme ukikatika) ya VA 1,000 na jenereta ya kVA 3 hivi, au inveta na betri zake.
- Ekstensheni nzito, gundi ya kubandika nyaya sakafuni, tochi, dawa ya mbu.
- Watu wanne: wa matangazo, wa sauti, wa maandishi ya Kiswahili, wa mlangoni. Mtu mmoja kushika vitu viwili ndio chanzo cha vurugu nyingi nilizoziona.

## Hatua ya 1: Chagua opera ya watu, usichague ya kujionyesha

Opera ya kwanza ukikosea, ya pili hawaji. Kwa watu ambao hawajawahi kuona, nenda na Carmen ya Bizet, La bohème ya Puccini au La traviata ya Verdi. Hadithi zake zinaeleweka haraka: wivu unaoishia kwenye kisu, vijana wasanii wasio na kodi ya nyumba, binti aliyependwa halafu baba wa kijana akaja kuvuruga. Hayo tunayajua, yapo mtaani.

La bohème ina faida nyingine, muziki wake hauzidi saa mbili hata ukijumlisha sehemu zote nne, hivyo na mapumziko bado unaweza kumaliza kabla watu hawajaanza kuwaza usafiri. Carmen ni ndefu, ukiweka mapumziko unapita saa tatu.

Wagner, mtunzi wa Kijerumani, mwache kwanza. Opera yake Götterdämmerung, muziki peke yake unapita saa nne, sasa weka mapumziko mawili halafu mwambie mtu wa Mbagala arudi nyumbani na nini.

Ukiona hata hiyo La bohème ya saa mbili ni ndefu, tafuta Pagliacci ya Leoncavallo, ni kama saa moja na robo.

Utajua umefaulu: unaweza kumsimulia muuza chipsi hadithi nzima ndani ya dakika mbili na akauliza "ikawaje?"

## Hatua ya 2: Ruhusa, na hii hairukwi

Hapa ndio wengi wanajidanganya. Kulipia akaunti yako ya kuangalia opera nyumbani hakukupi haki ya kuwaonyesha watu themanini ukumbini, hata kama kiingilio ni bure. Kile cha bure mtandaoni nacho ni hivyohivyo, bure kwa mtu kuangalia si lazima iwe bure kwa ukumbi.

Mambo yalivyo ni hivi. Metropolitan Opera ya New York (kwa kifupi Met) ina mfululizo wake wa Live in HD ulioanza Desemba 2006, unakwenda kwenye majumba ya sinema kwa mkataba, na huduma yao ya kuangalia nyumbani ni kitu kingine kabisa. Royal Opera ya London nao wanauza kwa kumbi. Wiener Staatsoper ya Vienna wana huduma yao ya kurusha maonyesho mtandaoni. Halafu kuna OperaVision, jukwaa la Ulaya linaloungwa mkono na Umoja wa Ulaya, linaloweka opera za majumba mengi bila malipo, nyingine zikiwa laivu, na maandishi ya tafsiri katika lugha kadhaa. Kwa ukumbi mdogo wa jamii naona hao ndio wa kuanza kuwaandikia.

Barua pepe yako iwe fupi na ijibu maswali yao kabla hawajauliza: ukumbi uko wapi, viti vingapi, kiingilio kipo au hakipo, tarehe gani, onyesho gani. Kisha na wewe uliza haya:

1. Tunaruhusiwa kuonyesha laivu tu, au pia baadaye siku nyingine?
2. Tunaruhusiwa kuweka maandishi ya Kiswahili pembeni ya picha?
3. Mkatiko ukitokea, tunaruhusiwa kurudia?
4. Mnataka ripoti gani baada ya onyesho?

Swali la kwanza ni la dhahabu. Ukipata ruhusa ya kuonyesha baadaye una bima, laivu ikigoma unawaambia watu Jumapili saa kumi jioni waje na tiketi zilezile.

Upande wa hapa Tanzania, Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza Na. 4 ya 1976 inagusa uonyeshaji wa hadharani, kwa hiyo pita Bodi ya Filamu, pita BASATA (Baraza la Sanaa la Taifa), na suala la hakimiliki waulize COSOTA. Nenda na barua yenye mhuri wa kituo pamoja na nakala ya ile ruhusa ya nje, uulize kwa mdomo nini kinahitajika kwa tukio lako, kisha omba jibu kwa maandishi. Mwisho mpitie mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Usimpelekee barua na kuondoka, kaa, "shikamoo mzee", mweleze kutakuwa na watu mpaka saa sita usiku na hakuna kigodoro. Akikuelewa yeye, majirani wataelewa.

Onyo: usitangaze kabla hujapata jibu la maandishi. Bango likishatoka WhatsApp halirudi.

## Hatua ya 3: Geuza saa vizuri

Marekani na Ulaya wanasogeza saa zao, sisi hatusogezi. Hapo ndipo mtu anafungua mlango saa tatu na kukuta sehemu ya kwanza inaisha.

Matangazo ya Met huwa Jumamosi mchana kwao, mara nyingi saa saba au dakika chache kabla. Kuanzia Jumapili ya kwanza ya Novemba mpaka Jumapili ya pili ya Machi, saa saba mchana ya New York ni saa tatu usiku Dar. Nje ya kipindi hicho ni saa mbili usiku. Ulaya wao wanabadilisha Jumapili ya mwisho ya Machi na ya mwisho ya Oktoba: onyesho la London la saa moja jioni kwetu ni saa nne usiku wakati wa baridi yao, na saa tatu wakati wa kiangazi chao.

Rahisi kuliko yote ni ufunguzi wa msimu wa La Scala, jumba la opera la Milan, kila mwaka Desemba 7, na miaka ya karibuni unaanza saa kumi na mbili jioni yao, yaani saa mbili usiku yetu. Ila siku mbili mbele ni Uhuru, jenereta na viti vya kukodi vinagombaniwa, kwa hiyo weka oda mapema.

Kwenye bango andika kwa Kiswahili, "saa 3:00 usiku", usiandike 21:00 wala usiweke saa ya New York pembeni, utawachanganya. Na Ramadhani ikiangukia hapo, fikiria tarawehe kwanza ndipo uamue.

## Hatua ya 4: Intaneti

Picha ya 720p (ubora wa kati) inataka spidi ya kama Mbps 3 zisizoyumba, 1080p (ubora wa juu) inataka 5 hadi 8. Wewe taka mara mbili ya hiyo. Kwa matumizi, Mbps 5 kwa saa tatu ni karibu GB 7, kwa hiyo bando la GB 5 litakufia kwenye sehemu ya mwisho pale ambapo binti anakufa na yeye.

Fanya hivi:

1. Pima spidi siku ileile ya wiki na saa ileile ya onyesho. Kipimo cha Jumanne asubuhi hakina maana yoyote kwa Jumamosi usiku, saa ambayo mtaa mzima uko kwenye simu na kuna mechi.
2. Laptopu iungwe kwa waya kwenye rauta. Ukumbi ukijaa, simu mia moja zinabughudhi hewani na waifai inaanza kusuasua.
3. Badilisha nywila ya waifai siku hiyo, usimpe mtu, hata mlezi wa kituo. Samahani mzee, kesho.
4. Laini ya pili iwe ya kampuni nyingine, ndani ya simu au modemu ambayo tayari imewashwa. Kuitafuta wakati picha imeganda ni kuchelewa.
5. Ubora uchague mwenyewe, uuweke 720p. Ukiacha ijichagulie itakuwa inapanda na kushuka, na kila ikishuka sura za waimbaji zinakuwa matofali.

Zima apdeti zote, zima notifikesheni, fungua dirisha moja tu. Nimeona ujumbe wa "kaka ile hela vipi" ukitokea kwenye skrini ya mita tatu.

Utajua umefaulu: saa nzima ya jaribio la usiku bila kiduara hata mara moja. Kikitokea mara moja kwenye jaribio, kwenye onyesho kitatokea zaidi ya mara moja.

## Hatua ya 5: Umeme

Hakikisha LUKU ina yuniti za kutosha. Inachekesha mpaka izime.

UPS ibebe laptopu zote, rauta, projekta na miksa. Kazi yake ni kukuvusha zile dakika mbili tatu mpaka jenereta iwake, si kukufikisha mwisho. Projekta ya taa ikizimwa ghafla inaumia kwa sababu feni yake haikumaliza kupoza taa, halafu ukiiwasha tena inakataa mpaka ipoe, kwa hiyo hata umeme ukirudi chap wewe bado uko gizani.

Jenereta ikae nje, mbali, nyuma ya ukuta, na moshi uelekee upande usio na watu. Ndani ya jengo au barazani ni marufuku, ule moshi unaua kimyakimya. Na sababu ya pili ni opera yenyewe, kuna sehemu mwimbaji anaimba kwa sauti ya chini kabisa, ukiwa na jenereta inanguruma dirishani umemfuta. Kwa hiyo mwenye uwezo wa inveta na betri achukue inveta.

## Hatua ya 6: Picha

Hii fupi. Projekta nyingi za kawaida zinataka umbali kama mara moja na nusu ya upana wa picha, skrini ya mita 3 basi rudi nyuma mita 4 na nusu. Iwe juu ya vichwa au ining'inie, na isikae njiani kwa watu.

Dar giza linaingia kabla ya saa moja na nusu mwaka mzima, kwa hiyo onyesho la saa mbili usiku linaweza kufanyika hata uani. Ukirudia Jumapili jioni unahitaji mapazia mazito.

Jaribu HDMI na matangazo yenyewe, sio na video ya harusi. Matangazo yenye ulinzi yakipitia kigawanyio cha bei rahisi yanaweza kutoa skrini nyeusi wakati laptopu inaonyesha kila kitu sawa. Dawa yake ni kutoa kigawanyio, waya uende moja kwa moja.

## Hatua ya 7: Sauti, usiharakishe hapa

Waimbaji wa opera wanaimba bila maiki ya kuwakuza, wanaivuka okestra nzima kwa kifua. Fundi wako wa saundi kazoea singeli na harusi, akiona spika anapandisha besi, na hapo ndipo neno linapopotea. Mwambie mapema, kwa heshima: fundi, leo besi tunaishusha.

Sabufa iache stoo. Spika ziwekwe kulia na kushoto kwa skrini, mdomo wa spika juu kidogo ya vichwa vya watu waliokaa, zielekee safu ya nyuma. Sauti lazima itoke panapotoka picha, ikitokea nyuma yako unaona mtu anaimba Milan halafu sauti iko Buguruni.

Kisha:

1. Unga kwa waya. Bluetooth inachelewesha sauti, midomo na maneno vinaachana, na opera ni midomo mitupu kwa saa tatu.
2. Zima "bass boost" na maboresho yote ya sauti kwenye laptopu. Sauti ya laptopu iwe karibu na juu, iliyobaki ifanyike kwenye miksa, taa nyekundu isiwake.
3. Ukisikia mngurumo wa "mmmm" usioisha, jaribu kuchomoa chaja ya laptopu. Ukikoma, tatizo ni njia ya ethi (waya wa ardhini wa umeme). Chomeka laptopu na miksa kwenye ekstensheni moja, ikishindikana tumia kiboksi cha DI, kile kinachokaa kati ya laptopu na miksa kukata mngurumo.
4. Kaa kiti cha mwisho kabisa pembeni. Sehemu tulivu isikike hapo bila kukaza shingo. Ukishapata, nenda kiti cha mbele kabisa usikilize kwaya na okestra nzima, isikuumize. Ikiumiza, sogeza viti vya mbele nyuma kabla hujashusha sauti.
5. Midomo ikiwa nyuma ya sauti kidogo, projekta inachelewesha picha. Weka projekta kwenye hali ya gemu kama inayo, au cheleweshea sauti kwenye miksa ya kidijitali.

Mfano wa mtego ni La traviata. Inaanza na violini zikipiga juu na taratibu mno, unaweza kudhani waya umetoka. Fundi asiyejua anapandisha, anapandisha tena, watu wanageuka kumwangalia, anapandisha. Dakika chache baadaye pazia linafunguka kwenye karamu, okestra yote inalipuka na bibi wa safu ya mbele anashika masikio. Kwa hiyo fundi lazima awe ameisikiliza opera nzima angalau mara moja kabla, na siku yenyewe mkono wake usiguse vitufe bila sababu.

Halafu kuna adui wa juu: mabati. Mvua ya vuli au ya masika ikishuka kwenye bati hakuna spika itakayoshinda, na msimu wa opera ulaya na Marekani unapita katikati ya mvua zetu zote mbili. Kama ukumbi hauna dari, ndio maana nasisitiza maandishi makubwa ya Kiswahili na ruhusa ya kurudia. Mapangaboi nayo yaweke namba ya chini, yale yanayolia kwi kwi kwi yatie grisi au yazime.

Ukiwa na baa jirani, mpitie mwenye baa siku tatu kabla. Wengi ni waelewa ukiwaambia saa kamili, na wateja wako wakitoka watapita kwake.

## Hatua ya 8: Kiswahili

Matangazo mengi yatakuja na maandishi ya Kiingereza. Usiridhike. Mtu anayehangaika kusoma Kiingereza gizani hasikilizi tena.

Njia ziko mbili, chagua kulingana na nguvu yako.

Njia nyepesi: msimulizi. Watu wa Dar wanajua kabisa utamu wa filamu yenye DJ wa kutafsiri, ila hapa msimulizi asiongee juu ya muziki. Anasimama kabla ya kila sehemu, dakika tatu, anaeleza kinachokuja: nani ni nani, anataka nini, ananyimwa nini. Asimalize hadithi yote mwanzoni, aishie mwisho wa sehemu inayofuata, ili mapumziko watu wawe na la kubishania. Mtafute mtu anayejua kusimulia, sio mtu anayejua opera, na aingie na karatasi. Sambamba na hilo mpe kila mtu ukurasa mmoja wenye majina ya wahusika na muhtasari.

Chunga kitu kimoja: kwenye laivu mapumziko hayakusubiri. Met hujaza mapumziko kwa mahojiano ya nyuma ya jukwaa, basi msimulizi aongee hapo, sauti ya matangazo ikiwa imeshushwa, na amalize dakika tano kabla ya kurudi.

Njia nzito: maandishi ya Kiswahili laivu. Inachosha, lakini ukiiweza ukumbi wako utakuwa na jina. Utaratibu:

1. Tafuta maneno ya opera katika lugha yake ya asili. Ya Verdi na Bizet ni ya karne ya 19, waandishi wake wamekufa zamani. Tafsiri za Kiingereza za siku hizi zina wenyewe, zitumie kuelewa, usizinakili.
2. Tafsiri maana, acha kutafsiri kila neno. Opera inarudia mstari mmoja mara nane, wewe uandike mara moja na uuache ukae, au ufute skrini watu waangalie sura.
3. Slaidi moja mistari miwili, kila mstari herufi 35 hadi 40. Zaidi ya hapo mtu wa nyuma hamalizi. Maandishi meupe au ya njano juu ya nyeusi, makubwa, bila mapambo.
4. Weka slaidi tupu nyeusi kati ya mazungumzo. Maneno yakiganda kwenye skrini wakati hakuna anayeimba, watu wanadhani umelala.
5. Namba kila slaidi na chapisha orodha. Ukipotea unaruka kwenda namba 214 badala ya kubonyeza ovyo.
6. Anayebonyeza atumie maandishi ya Kiingereza ya matangazo kama kengele yake: yakibadilika na yeye anabonyeza. Sio lazima ajue Kiitaliano, lazima ajue slaidi zake.

Kiswahili kiwe cha kusema. Baba mkwe aongee kama baba mkwe, marafiki wa kijiweni waongee kijiweni. Ukiandika "ewe mpenzi wangu wa dhati nakusihi" mara tatu mfululizo watu wataanza kucheka mahali pa kulia.

Na kwenye La bohème, yule binti anaitwa Mimi. Ukiandika "Mimi anakohoa" ukumbi wote umekwama hapo. Kwenye slaidi muweke "dada Mimi" au tumia rangi tofauti kwa majina, na msimulizi aliseme mapema watu wacheke mara moja yaishe. Ugonjwa wake ni kifua kikuu, hilo halihitaji maelezo marefu kwetu, kikohozi cha sehemu ya tatu kila mtu anakielewa.

Tivi ya maandishi ikae chini ya skrini katikati. Ukiweka pembeni shingo zinauma.

Utajua umefaulu: mpe kijana ambaye hajawahi kuona opera aangalie dakika kumi za jaribio, kisha akueleze kilichotokea. Akikueleza, tayari. Akisema "kuna mama analia", rudi mezani.

## Hatua ya 9: Jaribio zima

Wiki moja kabla, saa ileile, watu wote wanne, vifaa vyote, opera nyingine yoyote unayoruhusiwa kuijaribia. Kata umeme makusudi. Chomoa intaneti makusudi. Hesabu sekunde mpaka picha irudi, na kila mtu aandike kwenye karatasi anachofanya bila kuuliza. Zikipita dakika mbili, mpangilio haujakaa.

Bandika nyaya zote sakafuni. Usiku kuna watoto, kuna mabibi wenye kanga ndefu.

## Hatua ya 10: Usiku wenyewe

Milango ifunguke dakika 45 kabla. Watu wetu wanafika kwa mafungu, foleni ya Mandela au ya Morogoro haina huruma, na laivu haimsubiri mtu. Waliochelewa wangoje mlangoni mpaka makofi, kisha waingizwe kwa tochi iliyoelekezwa chini.

Chakula kiuzwe kabla na wakati wa mapumziko tu. Kahawa na kashata, sambusa, vitumbua, sawa. Krispi za pakiti kataa, ile krakra inasikika kuliko filimbi.

Makofi na vigelegele ruhusu, hata kule ukumbini kwao wanapiga, na mtu akishangilia wimbo mzuri usimkatie raha. Simu za kurekodi skrini hapana, hapo unavunja mkataba ulioutafuta kwa jasho.

Mambo yakiharibika:

- Picha imeganda, sauti ipo: acha iendelee, badilisha laini, usiwashe taa.
- Vyote vimekatika: mtu wa mlangoni awashe taa kidogo, msimulizi asimame aseme ukweli na muda, "tunarudi baada ya dakika mbili", kisha aeleze kinachoendelea huko.
- Matangazo yakiwapotea kwa zaidi ya dakika kumi: rudini laivu pale ilipofika, msimulizi azibe pengo. Msijaribu kuanza mlipoishia kama matangazo hayaruhusu, mtapoteza vyote.
- Slaidi zimepotea: weka nyeusi, tafuta namba, rudi. Maandishi ya uongo ni mabaya kuliko kukosa maandishi.

Onyesho likiisha ni karibu saa sita usiku. Kabla ya siku hiyo kubaliana na bajaji na bodaboda wa kijiweni wawepo, na kwenye tangazo sema saa ya kumaliza ili watu wapange. Wanawake wanaorudi peke yao wasubirie ndani kwenye mwanga mpaka usafiri ufike, mlinzi asifunge geti mapema.

Projekta iache feni izunguke mpaka izime yenyewe ndipo uchomoe. Kusanya karatasi za muhtasari zilizobaki, hesabu vishina vya tiketi usiku uleule, na Jumatatu asubuhi watumie waliokupa ruhusa ripoti waliyoomba: idadi ya watu, mapato, na kilichokatika kama kilikatika. Barua ya kuomba opera ya pili iende pamoja na hiyo ripoti.